Chachu na Mgeni Asiye na Jiko

Hapo zamani za kale, ambazo kwa wenyewe zilikuwa juzi tu, kulikuwa na mji ndani ya kibuyu.

Msicheke. Nimesema ndani ya kibuyu, na nitarudia mara moja tu. Kibuyu kilikuwa cha Bi Nyamizi, mwenye ng'ombe wanne, na kilining'inia jikoni kwake kwa kamba ya ngozi. Ndani ya kibuyu mlikuwa na maziwa, na ndani ya maziwa mlikuwa na watu. Watu wenyewe walikuwa wadogo kiasi kwamba elfu moja wakipanga mstari, mstari hauvuki kichwa cha pini.

Watu hao ni bakteria. Najua mkisikia jina hilo mnakimbilia sabuni, na yuko mmoja hapa ambaye hata angesikia hakimbilii, simtaji. Lakini bakteria wana makabila yao kama sisi. Hawa wa kibuyuni walikuwa Wagandishaji. Kazi yao ilikuwa kunywa sukari ya maziwa na kutoa ukali, na ukali huo ndio unaoyafanya maziwa yagande yakawa mazito na matamu.

Ukali ulikuwa na kazi ya pili. Juu, shingoni mwa kibuyu, alikaa Mvundo, bakteria wa kabila jingine, kabila la waozeshaji. Alikuwa mkubwa, mwenye njaa, na kazi yake ilikuwa kungoja. Ukali ulimchoma miguu, kwa hiyo hakushuka. Siku ukali ukipungua atashuka, maziwa yatanuka, Bi Nyamizi atawamwagia mbwa, kisha atasugua kibuyu kwa kaa la moto. Kila mtoto wa mji ule alilijua hilo kabla hajajua jina lake.

Sasa sikilizeni nyumba zao zilivyokuwa, maana kisa chote kimo humo.

Kila Mgandishaji alikuwa na nyumba yake, na alitembea nayo kama kobe. Ukutani kulikuwa na kilango kidogo cha sukari, kwa kuwa riziki yote ilipitia hapo. Ndani kulikuwa na jiko, na jikoni ulitundikwa ukanda mrefu uliosokotwa, umeandikwa mapishi yote ya nyumba: namna ya kupika ukuta, namna ya kupika kilango, namna ya kupika ukali. Wapishi walisoma ukanda wakapika, wakasoma wakapika.

Na wapishi hao walikuwa na desturi moja waliyojivunia sana. Ukanda wowote wakiukuta jikoni, waliupika. Hawakuuliza umetoka wapi wala umeletwa na nani. Kwao, kukataa pishi ilikuwa aibu kubwa kuliko kulala njaa.

Katika mji huo aliishi Chachu. Alikuwa mdogo kuliko wote, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko ya wote. Kwa nini maziwa mapya huja na uvuguvugu? Kwa nini Mvundo hana haya? Watu walimchoka. Aliyemvumilia alikuwa dada yake mmoja tu, Siki, na huyo hakuwa na budi, kwa sababu mpaka jana yake walikuwa mtu mmoja. Huko hawazai kama sisi. Mtu hunenepa, hujigawa katikati, na wakawa wawili. Chachu na Siki waligawanyika kwa dakika ileile, lakini kila mmoja alidai kwamba yeye ndiye mkubwa.

Basi siku moja Bi Nyamizi alimimina maziwa mapya, na pamoja na maziwa akaingia mgeni.

Mgeni alikuwa mdogo hata kwa macho ya Chachu. Kichwa chake kilikuwa na pembepembe kama jiwe lililochongwa, chini ya kichwa shingo nyembamba, na chini ya shingo miguu sita mirefu ya kung'ang'ania. Alikuwa kirusi. Kwa ajili ya miguu ile wakamwita Miguusita.

Kirusi hana jiko. Simaanishi hana mke, nyie mlioanza kutazamana. Namaanisha hana hata figa moja. Hali, hanywi, hapiki. Alichonacho ni ukanda mmoja tu, ameukunja kichwani, na katika ukanda huo limeandikwa pishi moja tu: namna ya kupika Miguusita wengine.

Miguusita alipita nyumba zote akitazama, kisha akaenda kwa Pandikizi. Huyo ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote mjini. Ukuta wake ulikuwa mnene mara mbili ya kuta za wenzake, na alikuwa hamalizi sentensi bila kuutaja.

"Bwana mkubwa," alisema Miguusita kwa sauti ya asali, "nimezunguka vibuyu vingi, jiko kama lako sijaliona. Hata huku nje nasikia joto lake."

Pandikizi alijivuna. Akasema kwamba joto si kitu, mgeni angeuona ukuta.

"Ukuta nimeuona, ndiyo maana nimekuja hapa na sikwenda kwa hao wadogo. Nina pishi moja dogo la kwetu. Wapishi wa kawaida hawaliwezi."

"Wangu hawashindwi na pishi," alisema Pandikizi.

"Basi mimi nitasimama hapahapa mlangoni, sitaki kuchafua nyumba."

Akaweka miguu yake sita kwenye kilango cha sukari, tip, tip, tip, akapapasa mpaka ikakaa sawasawa. Kisha chururuu, ukanda wote ukatoka kichwani mwake ukateremka jikoni kwa Pandikizi. Mgeni mwenyewe akabaki nje, kimya.

Wapishi waliuona ukanda mpya, wakaacha kila kitu. Wakapika miguu, wakapika shingo, wakapika vichwa vyenye pembe. Pandikizi alipouliza mbona leo hakuna ukali wala ukuta, walimwambia asubiri, pishi la mgeni halijaisha. Kabla hata sufuria ya dengu haijaiva, nyumba ilijaa mpaka juu.

Pwaa!

Ukuta ule mnene ulipasuka vipande vipande, na Pandikizi hakuwapo tena. Wakatoka Miguusita mia moja, wote sura moja, sauti moja, hila moja. Wa kwanza kutoka alijifanya mkubwa wao, na huyo ndiye tutakayemfuata, kwa kuwa yule wa mwanzo alikuwa amekwisha.

Mji mzima ulikimbia. Chachu peke yake alikwenda kuangalia. Sisemi alikuwa jasiri, lakini alikuwa na swali, na mtu mwenye swali hukimbia polepole. Alimkuta mgeni wa kwanza angali amening'inia kwenye kipande cha ukuta wa Pandikizi. Akamgusa. Alikuwa mwepesi, mtupu, ganda bila kitu ndani.

Chachu akamwambia Siki kwamba mgeni huyu ana risasi moja tu. Akishaitoa, amekwisha.

"Na wale mia nao wana mia," alijibu Siki. "Twende ndani."

Wazee wa mji wakatoa amri kwamba vilango vya sukari vifungwe vyote. Vikafungwa. Miguusita mia wakazunguka wakigonga, tip, tip, tip, wasipate pa kung'ang'ania. Watu wakapumua, wakasema kumbe dawa ilikuwa rahisi hivyo.

Lakini kilango cha sukari kikifungwa, sukari inapita wapi? Wapishi walikaa mikono mitupu. Tumbo la kila mtu lilianza kunguruma, na ukali wa maziwa ukaanza kupungua. Huko juu Mvundo aliteremsha kidole kimoja cha mguu, akakigusisha kwenye maziwa. Hakikuungua. Akatabasamu.

Katika njaa ile Chachu alichungulia ufa wa ukuta wake, akaona jambo. Kipande kimoja cha ukuta wa marehemu Pandikizi kilikuwa kinaelea, na kilango cha sukari kingali kimeshikamana nacho. Hakukuwa na nyumba nyuma yake. Miguusita mmoja akakikuta, akapapasa kilango kwa miguu yake, akaridhika, na chururuu, akamwaga ukanda wake wote kwenye maziwa matupu. Kisha akabaki pale akisubiri watoto.

"Siki," Chachu alimnong'oneza dada yake ng'ambo ya ukuta, "huyu hana macho. Anasoma mlango, hasomi nyumba."

Siki alimwambia ajiwekee hilo akilini, njaa ikipungua watalijadili. Wazee hawakuweza kuvumilia tena. Waliogopa Mvundo kuliko kirusi, wakaamuru vilango vifunguliwe kidogo, watu wanywe haraka, wafunge.

Vikafunguliwa. Wa kwanza kunywa alikuwa Siki, maana alikuwa amempa Chachu akiba yake. Hakumaliza mkupuo wa pili. Tip, tip, tip. Chururuu.

Vilango vya mji mzima vikafungwa kwa kishindo. Chachu akabandika nyumba yake ukuta kwa ukuta na ya dada yake, akawasikia wapishi wa Siki wakiacha kazi zao na kuulizana huo ukanda mpya unaanzia wapi.

"Dada," alisema Siki, "ameshaingia."

"Utoe ukanda! Waambie wapishi wasipike!"

"Umewahi kuona wapishi wakakataa?" aliuliza Siki. "Nimezima moto."

Chachu hakuelewa, au alielewa akakataa. Akamwuliza moto upi.

"Wote. Hakuna Miguusita atakayepikwa humu." Sauti yake ilikuwa imeanza kupoa. "Nyumba ikilegea, kuna kipande cha ukanda wa mgeni sakafuni, kimekatika. Kichukue. Wewe si ndiye wa maswali? Kiulize."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye mkubwa," alisema Siki. "Nyamaza."

Chachu alingoja ule mlio wa kupasuka. Haukuja. Nyumba ya dada yake ilipoa, ikalegea taratibu, ikafunguka, na humo hakutoka hata mguu mmoja wa kirusi. Kilitoka kipande cha ukanda tu, kirefu kama kidole. Chachu alikichukua akalia sana. Wala simlaumu, ni nani kati yenu angegawanyika na mwenzake jana, leo akamkosa, asilie?

Alipomaliza kulia, akakiuliza.

Alikitandaza kipande kile kando ya ukanda wa nyumba yake, akasoma mstari kwa mstari. Akaanzia mwanzo wa ukanda wake mpaka mwisho, akarudi tena. Katika mapishi yake yote, ya ukuta, ya kilango, ya ukali, mstari ule haukuwapo popote. Ulikuwa wa kirusi peke yake. Chachu alikaa nao muda mrefu. Kumbe pishi la adui lina alama, na alama hiyo inaweza kujulikana kabla pishi halijaiva.

Akawaita wapishi wake, akawaonyesha, akawasihi kwamba ukanda wenye mstari huu wasiupike. Wapishi walikasirika. Walimwambia wao ni wapishi, si mabawabu, na desturi ni desturi.

Chachu hakubishana. Aliona kwamba mtu aliyezoea kutokataa kitu hafundishwi kukataa kwa siku moja. Lakini mtu huyohuyo hatakataa na lako.

Nyumbani kwake alikuwapo mtumishi mzee, kipofu, aliyekuwa akikata nyuzi zilizochakaa. Aliitwa Makasi. Chachu alichukua kile kipande, akakishona kama kiraka kwenye ncha ya ukanda wake, akawaambia wapishi, "Kuna pishi jipya hapa."

Wapishi, watiifu kama kawaida yao, wakalipika. Ikatoka nakala ya mstari ule ule. Chachu akaiweka mkononi mwa Makasi, akamwambia kila ukanda utakaoingia aupapase. Ukikuta mstari kama huu, kata.

Makasi alipapasa nakala, akafikiri. "Bibie, na kile kiraka ulichokishona mwenyewe? Nacho kina mstari huu. Nikikikata, nimekata ukanda wa nyumba."

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuuliza Chachu, na alilionea wivu. Akarudi kwenye kiraka, akafunga fundo huku na fundo kule.

"Penye mafundo ni petu," alisema. "Pasipo mafundo, kata."

Bado kulikuwa na shida. Makasi alikuwa mmoja, na virusi walikuwa wengi. Akija mmoja atamkata. Wakija kumi kwa pamoja, wa kwanza atakatwa na wa tano atapikwa. Chachu akahesabu. Walitoka mia. Mmoja alimaliza ukanda wake kwenye mlango usio na nyumba, mmoja alizimika pamoja na Siki. Wamebaki tisini na wanane.

Hapo akakumbuka ule mlango usio na nyumba.

Alipita ukuta kwa ukuta akiwaeleza watu. Aliomba kila nyumba imenye ganda jembamba la ukuta wake, ilipulize liwe povu, na kila povu liwe na kilango cha sukari. Jiko lisiwemo. Watu walinung'unika kwamba wana njaa na kuta zenyewe zimekonda. Mzee mmoja akamwambia huu si wakati wa michezo ya watoto.

Alimenya ukuta wake mwenyewe, akapuliza, fuu, kikatoka kibanda cha kwanza. Akapuliza cha pili, na cha tatu, naye ni mdogo kuliko wote, mpaka ukuta wake ukawa unapitisha mwanga. Mzee yule aliona haya. Akamenya wake. Mji mzima ukafuata, kimyakimya, vikapatikana vibanda tisini na saba, vinang'aa, vilango vyake wazi.

Huko juu Mvundo alikuwa ameshateremsha miguu miwili.

Chachu akamwita Miguusita mkubwa. Akamwambia kwamba mji umechoka. Njaa imewashinda, nao wameona heri wageni wapike, mambo yaishe.

"Nyumba zimefunguliwa," alisema, "ila msigombane. Gongeni wote pamoja."

Miguusita alikuwa mjanja, na mjanja hafurahii mlango wazi. "Nyumba ngapi?"

"Tisini na saba."

"Sisi tu tisini na wanane."

"Najua," alisema Chachu, akainamisha kichwa. "Hizo ni za hao wadogo zako. Wewe bwana mkubwa nitakuwekaje kwenye kibanda? Yako ni nyumba yangu mwenyewe. Wapishi wangu hawashindwi na pishi."

Mnayakumbuka maneno hayo? Ndiyo yaleyale ya kwa Pandikizi, yamegeuzwa kama nguo. Na Miguusita alivimba kwa sifa kama Pandikizi alivyovimba, maana mwuza asali hajui ladha yake mpaka arambishwe.

Akatoa ishara. Tip, tip, tip, maziwa yote yakawa ni kugonga tu. Miguu sita mara tisini na saba ilipapasa vilango, ikavikuta ni vilango halali vya sukari, vya ukuta halisi. Chururuu! Kanda tisini na saba zikamwagika ndani ya mapovu.

Kisha kimya. Wakangoja joto la jiko, hakuna. Wakangoja harufu ya mapishi, hakuna. Ndani ya kila kibanda ukanda ulielea, usio na mpishi wa kuusoma, na kila kirusi akabaki ganda tupu limening'inia kwenye povu.

Miguusita mkubwa hakuwa amemwaga wake. Alitaka kwanza aone. Sasa aliona, au tuseme alihisi, maana macho hakuwa nayo.

"Umenichezea," alisema.

"Nimekuchezea," alisema Chachu.

"Na nyumba yako nayo ni povu?"

Chachu angeweza kufunga kilango. Fikirini hapo. Mkono wake ulikuwa umeshakishika. Lakini akifunga, kirusi huyu atazunguka mji siku zote, watu hawatafungua, ukali utakwisha, na Mvundo yuko magotini ndani ya maziwa. Ilibidi mtu mmoja afungue wa kwanza. Siki alipofungua wa kwanza hakuwa na kiraka; yeye anacho.

"Njoo usikilize mwenyewe," alisema.

Miguusita alikuja, akajibandika ukutani. Akasikia wapishi wakigonganisha vyungu. Hii ilikuwa nyumba ya kweli, yenye jiko, yenye moto. Akacheka, akamwambia Chachu kwamba werevu wake wote umemfikisha mahali palepale pa dada yake.

Tip, tip, tip. Chururuu.

Ukanda uliteremka jikoni, mrefu, mpya. Wapishi wakageuka, wakaacha vyungu, wakaushika mwanzo. Makasi naye akaushika katikati, akapapasa kwa vidole vyake vya kipofu. Dhiraa ya kwanza haikufanana. Ya pili haikufanana. Wapishi walikuwa wameshasoma mguu wa kwanza wakaanza kuupika. Dhiraa ya tatu. Kidole cha Makasi kikasimama.

"Ni huu," alisema. "Na hauna mafundo."

Kacha!

Akakata pale, akakata mbele, akakata nyuma. Wapishi wakabaki wameshika kipande kisicho na mwisho, wakatazamana. Pishi lisilo na mwisho halipikiki. Hata wao walilijua hilo. Wakakitupa, wakarudi kwenye ukanda wa nyumba, wakauliza tulikuwa tumefikia wapi.

Mlangoni Miguusita alingoja watoto wake. Angali anangoja, nadhani.

Vilango vya mji vikafunguliwa vyote. Watu walikunywa mpaka wakajisahau, na ukali ukapanda kwa kasi hata Mvundo hakupata muda wa kuaga. Alipanda shingo ya kibuyu akirukaruka kama mtu aliyekanyaga makaa, akarudi kwenye kazi yake ya kungoja.

Jioni Bi Nyamizi alifungua kibuyu, akanusa, akaonja kwa kidole. Akasema leo yameganda vizuri. Hakujua lolote. Akawamiminia wageni wake, na kama ilivyo desturi yake akaacha kidogo chini, yakachachushe maziwa ya kesho.

Katika hicho kidogo alibaki Chachu. Alikuwa amenenepa, na yalipokuja maziwa mapya akajigawa katikati. Binti yake hakumaliza hata kukauka, akaanza maswali. Damu nzito kuliko maji. Aliuliza kwa nini maziwa yana uvuguvugu. Aliuliza kwa nini yule wa juu anawatazama vibaya. Kisha akafika kwenye ncha ya ukanda wake, akapapasa.

"Mama, hiki ni nini? Kina mafundo huku na huku. Si pishi la ukuta, si la ukali."

"Ni kiraka."

"Cha nani?"

Chachu alitaka kusema cha kirusi. Lakini kirusi alikiandika tu, aliyekitoa ni mwingine.

"Cha mama yako mkubwa," alisema. Na tangu siku ile wawili hao walipogawanyika, hiyo ndiyo mara ya kwanza Chachu kukubali kwamba Siki alikuwa mkubwa.

Nasikia wako Miguusita wengine huko duniani waliobadili mstari mmoja wa ukanda wao, ili kidole cha Makasi kipite bila kusimama. Na nasikia mabinti wa Chachu wana viraka vingine sasa, safu kwa safu, kila kimoja na mafundo yake, na kila kimoja kina mtu wake. Mkinywa maziwa mgando, kunyweni kwa adabu.

Nami kisa changu nimekimimina chote, kibuyu kikauke kwenu: mlango wa riziki haufungwi, ila aliyewahi kuumizwa huacha alama, ili wa nyuma yake wajue nini cha kukata.